Anza na Kilicho Mkononi: Kujenga Biashara Ndogo Wakati Pesa Imeadimika



Kuna swali ambalo husikika mara kwa mara katika mikutano ya vikundi hapa Isiolo, iwe ni Bula Pesa, Ngare Mara, Kinna au Oldonyiro: "Tuna nia ya kuanza biashara, lakini maisha yamekuwa magumu na pesa hakuna. Je, tungoje mfadhili? Tuchukue mkopo? Ama tuache kwanza mpaka hali iwe nzuri?"

Swali hili ni la haki. Mtu mwenye mbuzi wachache waliobaki hawezi kuchezea mtaji kama mtu mwenye duka kubwa. Akikosea, watoto wanalala njaa.

Jibu letu ni hili. Biashara inaweza kuanza wakati mgumu, na inaweza kuanza bila mkopo, kwa sharti moja tu: ijilishe yenyewe. Ianze ikiwa ndogo kiasi kwamba mauzo ya leo ndiyo yanayonunua bidhaa za kesho, na isikose hata siku moja pesa taslimu ya kununua tena. Biashara nyingi za kijijini zinakufa zikiwa na wateja, na hata zikiwa na faida kwenye hesabu. Zinakufa asubuhi ile mama anataka kwenda kununua unga, akifungua kitambaa anakuta hakuna kitu. Basi makala haya ni ya kulinda hicho kitambaa.

TAABU SI NGENI KWETU

Wazee wanakumbuka mwaka 1993, bei za bidhaa Kenya zilipopanda kwa asilimia 46 hivi kwa mwaka mmoja. Shilingi uliyoiweka Januari haikununua Desemba hata robo tatu ya kile ulichokipanga. Miaka ya karibuni nayo tumeiona. Mwaka 2020 ulianza na nzige, halafu ukaja ugonjwa wa Korona, na masoko ya mifugo yakafungwa kwa muda. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika kaunti kame za Kenya. Mnamo Septemba 2023 lita moja ya petroli ilivuka KSh 200. Januari 2024 dola moja ilifika karibu KSh 160, ndipo shilingi ikaanza kupata nguvu tena.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Atakayengoja mpaka ukame uishe, bei zishuke na wafadhili waje, atangoja sana. Katika nchi kavu kama yetu, mwaka mbaya ni sehemu ya kalenda. Inafaa tujifunze biashara inayoweza kupita katikati ya mwaka mbaya.

WALIOANZA NA KIDOGO

Hebu tuangalie mifano miwili ambayo watu wa Isiolo wanaifahamu.

Wa kwanza ni Eastleigh, Nairobi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wengi walikimbilia Kenya. Ulikuwa wakati mbaya wa kuanza biashara, maana hata Wakenya wenyewe walikuwa wanalia na bei. Kulikuwa na nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge. Wakimbizi waliopanga vyumba pale walianza kuuza nguo na bidhaa nyingine kutoka vyumbani mwao. Chumba kilekile kilikuwa duka mchana na malazi usiku. Kodi ilikuwa moja, kazi mbili. Vyumba vile viligeuka kuwa soko, na Eastleigh nzima ikafuata. Hakuna aliyeanza kwa kujenga ghorofa.

Wa pili uko hapa kwetu: maziwa ya ngamia. Kwa miaka mingi akina mama wa Isiolo wamekuwa wakipokea maziwa kutoka kwa wafugaji wa maeneo kama Kulamawe, kuyanusa na kuyaonja ili kutenga yaliyoharibika, kuyajaza kwenye mitungi na kuyapandisha basi hadi Eastleigh, safari ya karibu kilomita 280. Wanaoyapokea kule huyauza kwa watu waliolelewa kwa maziwa hayo. Mtungi mtupu unarudi kwa basi. Malipo nayo, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, yanaweza kurudi kwa simu.

Angalieni utaratibu wake. Mnunuzi alijulikana kwanza. Mtungi wa plastiki ulitosha kuanzia. Basi lilikuwa linakwenda Nairobi hata bila maziwa, kwa hiyo hakuna aliyenunua gari. Baadaye ndipo vikundi kama Anolei, ambacho ni ushirika wa akina mama wa maziwa ya ngamia hapa Isiolo, vikapata marafiki wa kuwasaidia na mitungi ya aluminiamu, mafunzo ya usafi na vifaa vya kupozea. Biashara ilikuja kwanza, mashine zikafuata. Kikundi kinachoanza na mashine kabla ya mnunuzi huishia na mashine yenye vumbi na kufuli lenye kutu.

Lakini tusiseme kwamba ni kazi rahisi. Wakati wa ukame maziwa hupungua, na ingawa bei hupanda, mama ana mitungi michache ya kuuza. Mvua ikija maziwa hufurika na bei hushuka. Anayedumu ni yule aliyeweka akiba wakati wa wingi.

HATUA YA 1: TAFUTA MNUNUZI KABLA YA BIDHAA

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Tuuze nini?" Ulizeni kwanza, "Nani ananunua, hata sasa hivi pesa ikiwa ngumu?"

Wakati mgumu watu hawaachi kununua. Wanabadilisha manunuzi. Aliyekuwa ananunua kilo 2 za sukari ananunua robo. Aliyekuwa anakula nyama anakula maharagwe. Aliyekuwa ananunua viatu vipya anatafuta fundi wa kushona vya zamani. Kwa hiyo vitu vinavyokwenda ni chakula cha kila siku, vipimo vidogo, ukarabati, maji, kuni na makaa, na lishe ya mifugo.

Fanyeni hivi. Kwa wiki moja, wanachama watatu wasimame sokoni au kituo cha magari na kuhesabu. Watu wangapi wananunua uji asubuhi? Wanauliza nini ambacho hakipo? Wanalipa pesa taslimu au wanaandikiwa? Andikeni kwenye daftari. Halafu jaribuni kwa kiasi kidogo kabisa: chupa moja ya uji, gunia moja la vitunguu mlilogawana watu wanne. Kikiisha kabla ya saa sita mchana siku tatu mfululizo, mmepata mnunuzi. Kikibaki, hasara yenu ni ndogo na mmejifunza kwa bei nafuu.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA KWELI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa mama anayepika maandazi. Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi wekeni za kwenu.

Unga kilo 2: KSh 150
Mafuta: KSh 100
Sukari: KSh 80
Hamira: KSh 20
Makaa: KSh 100
Maji: KSh 20
Jumla ya gharama: KSh 470

Mama huyu anapata maandazi 60 na kuyauza KSh 10 kila moja. Mauzo ni KSh 600. Kinachobaki ni KSh 130.

Wengi wangesema, "Leo nimepata mia sita!" Hapana, mama. Umepata 130. Hiyo 470 si yako, ni ya andazi la kesho.

Sasa tuseme bei ya unga inapanda kutoka 150 hadi 190. Gharama imekuwa 510, na kinachobaki ni 90. Kama mama amezoea kutoa 130 kila siku kwa matumizi, anapungukiwa na 40 kila siku bila kujua. Kwa siku 12 ni KSh 480, yaani mtaji wote alioanza nao. Hajaibiwa na mtu. Amekula mbegu.

Kwa hiyo wakati bei zinapanda, usiweke bei yako kwa kuangalia ulivyonunua jana. Angalia utakavyonunua kesho. Ukiona huwezi kupandisha bei, fanya andazi liwe dogo kidogo na uwaambie wateja ukweli. Ama pika kitu kingine kisichotaka unga mwingi. Mteja akielezwa vizuri atanung'unika, lakini atarudi. Akigundua mwenyewe kwamba umepunguza kwa siri, hatarudi.

HATUA YA 3: DENI NDILO MCHWA WA BIASHARA NDOGO

Haya, turudi kwa maandazi yetu ya kwanza, yale ya faida ya 130. Jirani anakuja: "Mama, niandikie matano, nitalipa mwisho wa mwezi." Fundi anakuja, anataka matano. Shemeji anataka matatu. Jumla ni 13 tu. Maandazi 47 yaliyobaki yanaingiza KSh 470, yaani gharama tupu. Mama ameamka saa kumi usiku, amepika, ameuza, na mkononi hana faida hata shilingi.

Na wale 13 wasipolipa kabisa je? Kila andazi moja lisilolipwa linahitaji kuuza mengine manne hivi ili kurudisha gharama yake peke yake.

Tunajua kijijini mtu hawezi kukataa kila mtu. Sisi ni watu wa kusaidiana. Waborana wana desturi ya buusa gonofa, ambapo ukoo humchangia aliyepoteza mifugo ili asimame tena. Desturi za namna hii ni hazina. Lakini tazameni vizuri: buusa gonofa huamuliwa na wazee, hujulikana na wote, na hubebwa na wengi. Deni la maandazi hubebwa na mama mmoja kimya kimya mpaka anaanguka. Kwa hiyo tunashauri:

- Wekeni kiwango. Kwa mfano, deni lote kwa pamoja lisizidi nusu ya faida ya siku. Kikifika hapo, hakuna kuandika tena mpaka mtu alipe.
- Deni la pili halipo mpaka la kwanza lilipwe.
- Kikundi kizima kipitishe sheria moja, ili mama aweze kusema, "Si mimi ninayekataa, dada yangu, ni sheria ya kikundi." Neno hilo limeokoa biashara nyingi na urafiki mwingi.
- Mwenye shida ya kweli, kama mgonjwa au aliyefiwa, asaidiwe na mfuko wa jamii wa kikundi, asisaidiwe na kikapu cha mtu mmoja.

HATUA YA 4: MAKOPO MATATU

Pesa ya biashara na pesa ya nyumbani zikilala katika mfuko mmoja, ya nyumbani huimeza ya biashara. Tafuta makopo matatu, au bahasha tatu, au tumia simu kwa moja na makopo kwa mengine mawili.

Kopo la kwanza ni la mtaji. Katika mfano wetu, KSh 470 inaingia humu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Haitoki ila kwenda kununua unga na vile vingine.

Kopo la pili ni la mshahara wako. Tuseme KSh 80. Hii ni ya nyumbani, na hakuna wa kukuuliza. Mtu anayefanya kazi bila kujilipa ataiba kutoka kopo la kwanza, hata kama ni mwaminifu.

Kopo la tatu ni la kukua. KSh 50 kila siku. Baada ya siku 10 una KSh 500, zaidi ya gharama ya mpishi mmoja kamili. Kama wateja wapo, unaweza kupika mara mbili, asubuhi na jioni, bila kukopa kwa mtu yeyote. Kama wateja hawapo, usiongeze. Weka akiba, kwa maana mvua isiponyesha utaihitaji.

Hivyo ndivyo biashara inavyojilisha. Inakwenda polepole, ni kweli. Lakini kila hatua inasimama juu ya hatua iliyokwisha kukauka.

HATUA YA 5: MKOPO, LINI NA KWA KAZI GANI?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Hatusemi mkopo ni dhambi. Tunasema mkopo una wakati wake. Jiulizeni maswali matatu kabla ya kutia sahihi au kubonyeza simu.

Moja: je, biashara tayari inatembea na mnunuzi yupo? Mkopo husukuma gari linalotembea. Gari lisilo na magurudumu, mkopo hulizika tu.

Mbili: je, muda wa mkopo unalingana na muda wa bidhaa? Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, ulipoanzishwa Novemba 2022, ulikuwa wa KSh 500 hadi 50,000, na ulitakiwa kulipwa kwa siku 14. Maandazi yanazunguka kila siku, kwa hiyo siku 14 zinatosha. Lakini mtu aliyechukua pesa hiyo anunue mbuzi wa kunenepesha kwa miezi mitatu, atalipa kwa nini siku ya 14? Atauza mbuzi akiwa bado mwembamba, au atakopa kwingine kulipa huku.

Tatu: tukikosa, tutapoteza nini? Kama jibu ni mbuzi jike wa mwisho, au ng'ombe wa maziwa ya watoto, basi jibu la mkopo ni hapana.

Kuna fedha za vikundi kutoka serikalini, kama Uwezo, Hazina ya Wanawake na ile ya Vijana. Kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Jisajilini mapema na mweke daftari safi, hata kama hamna haja ya mkopo leo. Masharti hubadilika, kwa hiyo yasomeni ofisini siku ya kuomba, msitegemee maneno ya sokoni.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Kabla ya kutazama nje, tazameni ndani ya kikundi. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa Niger, nchi kavu kama yetu, kwa njia ya akiba ya kikundi. Tangu wakati huo njia hiyo imeenea Afrika nzima, Kenya ikiwemo. Haihitaji benki. Inahitaji sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na mwenye sanduku asiwe na ufunguo. Pesa huhesabiwa mbele ya wote. Kila mtu anajua kilichomo.

Inavyotofautiana na merigoraundi ni hivi. Katika merigoraundi mchango wote unachukuliwa na mtu mmoja kwa zamu. Ni njia nzuri ya kununua sufuria au mabati, na ndugu zetu Wasomali wameitumia sana kwa jina la ayuto kujenga mitaji. Lakini zamu yako inaweza kuwa mwezi wa kumi, na shida yako ni leo. Katika sanduku, pesa hubaki na kukua, na mwenye haja hukopeshwa.

Kikundi cha watu 20 wakiweka KSh 100 kila wiki ni KSh 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni KSh 104,000, pesa yao wenyewe, isiyo na barua ya wakili nyuma yake. Mwanachama kwa kawaida hukopa si zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kando kuna mfuko mdogo wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linafunguliwa, kila mtu anapata akiba yake na sehemu ya ziada, kisha wanaanza upya. Pangeni siku hiyo ya kugawana iangukie wakati wa haja, kama kufungua shule, au kabla ya kiangazi.

Jambo moja la kuheshimiana. Vikundi vyetu vina Wakristo na Waislamu waliokaa pamoja, na Muislamu hatoi wala hapokei riba. Zungumzeni mapema. Vikundi vingine hukopesha bila ziada yoyote. Vingine huingia ubia: kikundi kinatoa mtaji, mwanachama anafanya kazi, faida ikipatikana wanagawana kama walivyokubaliana, na hasara pia inajulikana itabebwaje. Uamuzi mzuri ni ule ambao kila mwanachama anaweza kurudi nao nyumbani na dhamiri safi.

WATU ISHIRINI, DUKA MOJA?

Vikundi vingi hufikiri kwamba kwa kuwa wao ni kikundi, lazima wafungue biashara moja ya wote. Fikirini tena. Duka dogo likiwa na wenyewe 20, faida ya siku ikigawanywa haitoshi hata chumvi. Na kazi ya wote huwa si kazi ya mtu. Nani atafungua saa kumi na mbili asubuhi? Nani atalala na funguo?

Mara nyingi inafaa biashara iwe ya mtu mmoja au watu watatu hivi wanaoaminiana, na kikundi kizima kifanye yale ambayo mtu mmoja hayawezi. Kwa mfano, kununua pamoja. Beli la unga lenye pakiti 12 ni rahisi kuliko pakiti moja moja dukani. Wakina mama sita wakigawana beli mbili na kulipa bodaboda mmoja, kila mmoja amepata punguzo. Vilevile kusafirisha pamoja, kama maziwa yanavyopanda basi moja yakiwa ya wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole kumi haviwezi kushika sindano moja.

WENYE MIFUGO, UZENI MAPEMA

Neno la mwisho ni kwa wafugaji. Mtaji mkubwa wa Isiolo umesimama kwa miguu minne, na ukame unaula. Mbuzi aliyenona anayeuzwa mwanzo wa kiangazi ananunua chakula cha wiki nyingi. Mbuzi huyohuyo akiuzwa mwisho wa kiangazi, ngozi na mifupa, anauzwa kwa bei ya kutupa wakati mahindi yako juu.

Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kavu, Isiolo ikiwemo, ikieleza kama tuko hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Ombeni chifu au afisa wa kata awasomee katika baraza. Ikisema tahadhari, uza madume machache na wale wazee, ungali na nguvu ya kujadili bei. Weka pesa hiyo katika kitu kinachozunguka: sukari na majani ya chai, nyasi kavu za kuuza baadaye, au sanduku la kikundi. Majike wazuri waache. Hao ndio watarudisha boma mvua ikija.

Na mkiona biashara haijilishi, mmejaribu miezi mitatu, daftari linaonyesha kopo la kwanza linapungua kila wiki, basi funga ukiwa bado na mtaji nusu. Hiyo si aibu. Aliyefunga akiwa na KSh 200 anaweza kuanza tena Jumatatu. Aliyengoja mpaka deni ataanza tena baada ya miaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Watu wa hapa kwetu wananunua nini hata wakati wa ukame? Ni nani kati yetu anayeweza kukitoa kwa kilicho mkononi leo?
2. Kila mwenye biashara alete hesabu ya siku moja. Baada ya gharama zote, kinabaki kiasi gani?
3. Sheria yetu ya deni ni ipi? Tuiandike na kila mmoja atie sahihi au kidole.
4. Je, pesa yetu ya kikundi inaonekana na wote? Funguo ziko kwa nani?
5. Tunanunua nini kila wiki ambacho tungeweza kununua pamoja?

Zungumzeni moja kila mkutano, katibu aandike mlichoamua, na mkutano unaofuata muanze kwa kuuliza: tumekifanya?